Kifuku cha Jiko la Kajetani

Jumamosi, 27 Desemba

Wageni wameondoka saa nne asubuhi. Nimebaki na masufuria kumi na moja ya kuosha, shuka nane za kufua, na jiko.

Jiko lenyewe halinisaidii kitu. Ni la gesi, la kuchomea nyama nje. Lina magurudumu mawili, mfuniko mkubwa wa chuma na swichi tatu kwa mbele. Shemeji yangu Kajetani alilishusha kwenye pikapu mkesha wa Krismasi na nusu ya mtaa wetu wa Bombambili ikaja kulitazama. Jana alichoma mbuzi mzima huku amevaa aproni, yeye ambaye kwa mama yake hajawahi kuosha hata kikombe. Leo amerudi Dar es Salaam na jiko ameliacha.

"Kaka, nitunzie mpaka Pasaka," alisema. "Nakuja na wageni wa kazini. Walikute hivihivi."

"Watalikuta hivihivi," mume wangu akajibu. Hata mbele ya padri siku ya ndoa yetu hakujibu kwa uhakika namna ile.

Mume wangu ni Hironimus. Alikuwa mtunza stoo ya tumbaku kule Namtumbo kwa miaka thelathini na moja. Tangu astaafu na tuhamie hapa mjini hana kitu cha kutunza. Mimi nilidhani sasa atanitunza mimi.

Naandika kwenye daftari la maandalio ya somo lililonibakia nilipoacha kufundisha darasa la pili. Bado lina kurasa nyingi, na kifuku, msimu huu wa mvua, ni kirefu.

Jumapili, 28 Desemba

Mvua. Kikohozi. Misa nimeisikiliza redioni.

Jumatatu, 29 Desemba

Hironimus ameamka mapema akalifungua jiko la Kajetani vipande vipande kwenye varanda. Nyavu mbili za kuchomea kazitia kwenye karai langu la kufulia, na sabuni yangu ya unga. Trei ya chini iliyodondokewa na mafuta ya mbuzi kaikwangua kwa kisu changu cha kumenyea viazi. Mabomba ya moto, yale yenye vitundu, kayapitisha waya wa mwavuli kitundu kimoja kimoja, ulimi umemtoka pembeni kidogo. Alimaliza saa saba. Akafuta kila kitu kikauke, akapaka nyavu mafuta ya alizeti zisishike kutu, akafunika na turubai.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye banda la jiko, nyuma ya nyumba, napuliza mkaa uliolowa. Bati linavuja sehemu tatu. Nilipotoka kuvuta pumzi aliniuliza kama kuna mafuta mengine ya alizeti.

Jumamosi, 3 Januari

Amelifungua tena, akalisafisha tena. Halikuwa limetumika.

Ameandika masharti kwenye kadi ngumu, kwa herufi kubwa za stoo, akaitundika kwenye mpini wa jiko: LISISOGEZWE. LISIKALIWE. LISIWEKEWE KITU JUU. MTUNGI UKAE NJE SAA ZOTE. Nimemuuliza hiyo kadi anamwandikia nani, maana nyumbani tuko wawili.

"Utaratibu ni utaratibu, Mama Devota," akasema.

Devota ni binti yetu. Yuko Mbeya, anafundisha.

Jumanne, 6 Januari

Mvua tangu alfajiri. Maharage yameungua, sikusikia harufu. Pua yangu haisikii tena kitu.

Jumatatu, 12 Januari

Nimekwenda kwa daktari. Ni kijana, ana umri wa wanafunzi wangu wa kwanza, akaniamkia kwanza kabla hajanipima. Alinisikiliza mgongoni muda mrefu.

"Mama, unapikia nini?"

"Mkaa. Kuni, mkaa ukiisha."

"Kwa miaka mingapi?"

Nilipomjibu aliandika kitu kirefu. Halafu akasema mapafu yangu yamezeeka kuliko mimi mwenyewe, na dawa atanipa, lakini nikiendelea na moshi dawa zitakuwa kazi bure. Tafuta jiko la gesi, mama, hata la plate mbili. Akasema mvua hizi zikinikuta bado humo jikoni, mvua za mwakani asingependa kunitabiria. Alisema kwa upole lakini nilimwelewa vizuri. Nimefundisha miaka mingi, najua mtu akisema jambo kwa mzunguko.

Nimerudi nikamweleza Hironimus neno kwa neno. Alikuwa anaikaza nati ya gurudumu.

"Gesi haiingii ndani ya nyumba yangu," akasema.

"Banda la jiko si ndani ya nyumba."

"Lina ukuta na lina bati. Ni ndani."

"Na hilo la mdogo wako?"

"Hilo liko nje, halina moto na halina mtungi. Limelala." Akaendelea kukaza. Akasema, bila kunitazama, "Tutaona."

Tutaona. Ndivyo alivyosema nilipotaka bati la banda libadilishwe, na hilo nalo tunaliona mpaka leo, linavuja. Nimeapa sitaomba tena. Na mimi nikiapa huwa sirudi nyuma, ni kasoro yangu, najua.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua.

Jumamosi, 17 Januari

Mvua. Kalisafisha.

Jumamosi, 24 Januari

Leo kumekuwa na kilio varandani. Alipolifungua jiko kwa usafi wa Jumamosi alikuta nyigu wamejenga. Wale wa udongo, wembamba kiunoni. Wameziba bomba moja la moto lote kwa matope, kwa mpangilio, vijumba vinne. Kwa wiki moja tu! Hironimus alikaa chini kwenye ngazi akilishika lile bomba mikononi. Akasema gesi ikipita kwenye bomba lililozibwa inarudi nyuma na kuwaka pasipotakiwa, Kajetani alimwambia.

Nilicheka. Nilimwambia nyigu wamefanya la maana, angalau wao wamelitumia.

Hakucheka. Alichokonoa matope yote, akaosha, akakausha, akaziba midomo ya mabomba kwa vitambaa. Halafu akatoa uamuzi: kuanzia leo jiko litalala ndani. Mtungi utabaki nje chini ya upenu, jiko lenyewe sebuleni.

Viti viwili vya wageni vimehamia chumbani kwetu. Sasa naingia kitandani kwa upande wa miguuni.

Jumapili, 25 Januari

Jiko limelala sebuleni kwangu limefunikwa shuka yangu ya maua. Mimi nimelala nimekaa, kwa sababu nikilala chali pumzi inakata.

Alhamisi, 5 Februari

Zamu yetu ya sala ya jumuiya. Wamekuja watu kumi na wanne, sebule haitoshi, na jiko lipo katikati ya ukuta chini ya shuka. Mama Beata, mwenyekiti wetu, mwanamke mnene mwenye roho safi, aliingia akasimama mbele yake, akainama kidogo.

"Jamani, Mwalimu Benigna ameandaa altare!" akasema.

Kabla sijafungua mdomo alishaweka sanamu ya Bikira Maria juu na mishumaa miwili pembeni. Hironimus alikuwa ameketi karibu na mlango. Kadi yake inasema lisiwekewe kitu juu, lakini utamwambia nini mtu kuhusu Bikira Maria? Alisali rozari nzima macho yakiwa kwenye nta inavyoteremka. Kila tendo likiisha aliinuka nusu, halafu anakaa.

Walipoondoka aliibandua nta kwa ukucha nusu saa nzima. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, nikashindwa kukinyamazisha, nikatoka nje kujishikiza kwenye nguzo. Aliniletea maji. Aliuliza, "Ni ile chaki?" Sikumwelewa na sikuwa na pumzi ya kuuliza.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Kwaresma imeanza. Waislamu nao wanaanza mfungo wao wiki hii, kwa hiyo mtaa mzima una njaa.

Jumatatu, 23 Februari

Mkaa mbichi. Nimepika nimekaa mlangoni, mkono tu uko ndani.

Ijumaa, 27 Februari

Leo nilianguka. Si kuanguka kwa kishindo. Nilichuchumaa kupuliza, nikaona nuru nyeusi, nikajikuta nimelala kwenye magunia ya mkaa. Sijui ni dakika ngapi. Ugali ulikuwa haujaungua, kwa hiyo chache. Niliinuka, nikasonga, nikapakua, nikampelekea sebuleni. Alikuwa anafuta swichi za jiko kwa kitambaa cha miwani yake.

Sikumwambia. Ningemwambia nini, na jibu nalijua? Nilimtazama anavyokifuta kile chuma nikamchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka thelathini na tatu ya ndoa, na leo nimemchukia mtu kwa sababu ya namna anavyoshika kitambaa.

Jumapili, 1 Machi

Kajetani amepiga simu. Wageni wamethibitisha. Anataka jiko lijaribiwe mapema. Hironimus atamwita Daimu, fundi wa majiko.

Alhamisi, 5 Machi

Bahati naandika kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nyusi sina. Nitaandika yaliyotokea Jumanne kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nawafundisha watoto: kwanza, halafu, mwisho.

Kwanza alikuja Daimu. Ni mtu wa Nakapanya, Tunduru, kaoa huku, mpole, kazi yake safi. Walilitoa jiko varandani wakisaidiana na Hironimus, wakauleta mtungi. Hironimus alipouona mtungi unakaribia kuungwa alisema anakwenda Mfaranyaki kumwona mtu. Hakuna mtu Mfaranyaki. Alikuwa anakimbia, na mimi nikamwona anavyokimbia, nikamdharau kidogo.

Daimu akaunga mpira wa gesi, akafungulia mtungi, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio kuangalia kama kuna mapovu. Hakuna. Swichi zote zilikuwa zimezimwa. Nilimuuliza kama nimpe chai, nikakumbuka Ramadhani, nikaona aibu. Akacheka, "Haidhuru, mama mwalimu."

Halafu adhana ikasikika. Akasema anawahi kuswali adhuhuri, akirudi ataliwasha mbele ya mzee. Alishafika kwenye njia nilipokumbuka ule mtungi. Nikapaza sauti:

"Daimu! Umefunga?"

Akageuka, akaweka mkono kifuani.

"Nimefunga, mama! Alhamdulillahi!"

Nikaona ajabu kidogo, mtu kumshukuru Mungu kwa kufunga mtungi wa gesi. Nikasema moyoni, watu wa Tunduru nao wana adabu zao. Nikaendelea na shughuli zangu.

Halafu nikachukua kitambaa. Sijui kwa nini nilitaka kulifuta lile jiko. Nadhani nilitaka kujua mume wangu anaona nini ndani yake. Nilifuta mfuniko, nikafuta swichi, nikazibonyeza na kuzizungusha nifute nyuma yake, moja baada ya nyingine. Zinazunguka vizuri, hazigomi, nikaziacha zilipoishia. Harufu sikuisikia. Mfuniko ulikuwa umefungwa.

Mvua ikaanza, ile ya kumwaga. Banda likaanza kuvuja juu ya mkaa wangu. Nikabeba jiko la mkaa na moto wake, nikakimbia nalo varandani, nikalitua chini.

Mwisho sikusikia mlipuko. Wengine mtaani wanasema walisikia. Mimi niliona rangi ya buluu inapita sakafuni, nzuri kabisa, halafu mfuniko ukaruka, na mkono wangu ukawa wa mtu mwingine. Mama Beata alifika kabla sijalia. Aliniingiza mkono kwenye pipa la maji ya mvua akanishikilia humo, na bega lake zima likiwa kwenye mvua, na jirani mmoja akafunga mtungi.

Hironimus alirudi nikiwa zahanati. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kufungia vidonda, hakuingia. Uso wake ulikuwa wa mtu mzee sana.

Ijumaa, 6 Machi

Daimu amekuja na kaka yake kuomba radhi. Hironimus alimpokea kwa maneno makali, kwamba atampeleka ofisi ya kata, kwamba alisema amefunga na hakufunga.

"Mzee, nilikuwa nimefunga," Daimu akasema. Machozi yamemlenga. "Mpaka sasa nimefunga. Mama aliniuliza kama nimefunga, nikajua ananiuliza habari ya swaumu. Tulikuwa tumetoka kuongea chai."

Nilicheka, na uso ukaniuma pale nyusi zilipokuwa, nikaendelea kucheka. Mwalimu wa Kiswahili mimi! Nimewapa watoto mia ngapi zoezi la maneno yenye maana zaidi ya moja? Nikamwambia Hironimus amwache mtu, swali lilikuwa baya, na aliyeuliza ni mimi.

Jumamosi, 7 Machi

Siku tatu Mama Beata na wenzake wameleta chakula. Leo Hironimus amewaambia asanteni, imetosha, wana nyumba zao. Ugali unataka mikono miwili, mmoja wa kushika sufuria na mmoja wa kusonga. Mimi ninao mmoja. Nimemuuliza atapika nani.

"Mimi," akasema.

Usafi wa Jumamosi hakufanya. Jiko limekaa varandani mfuniko umepinda, hata turubai hakulifunika.

Jumapili, 8 Machi

Ugali mbichi. Nimekula wote.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Alikaa kwenye banda saa moja na nusu. Nilikuwa dirishani. Nilimsikia anakohoa, kwanza kidogo, halafu kwa mfululizo, halafu akatoka karibu anatambaa, akasimama kwenye mvua kichwa kimeinama, mate yanamtoka. Akarudi ndani. Akatoka tena. Mara tano nilihesabu.

Alileta sahani. Macho mekundu, masizi kwenye mvi.

"Huwa hivi kila siku?"

"Leo kuna mvua. Kiangazi huwa nafuu."

"Miaka yote?"

"Unadhani nilikuwa napikia wapi?"

Alikaa. Chakula chake hakukigusa. Akasema, "Mimi nilijua ni chaki."

Ndipo nikaelewa. Miaka yote hii mume wangu alidhani nakohoa vumbi la ubaoni. Nilipostaafu alisubiri kikohozi kiishe. Daktari aliposema moshi, akaona kijana hajui, hajawahi kumwona mwalimu wa darasa la pili na chaki zake. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, nimechoka mno. Na kuna jambo nimelikumbuka nikalionea aibu: mwaka wetu wa kwanza, kule Namtumbo, alikuja jikoni akataka kunisaidia kupuliza moto. Dada zangu walikuwepo. Nilimcheka mbele yao, nikamfukuza kwa mwiko. Mwanamume jikoni kwangu! Hakuingia tena hata siku moja.

Alhamisi, 12 Machi

Anakohoa usingizini. Tunapokezana.

Jumamosi, 14 Machi

Daimu amenyoosha bawaba za mfuniko, amebadilisha mpira wa gesi, ameangalia mabomba yote. Hironimus hakwenda Mfaranyaki. Alisimama hatua sita kutoka kwenye jiko, mgongo kwenye nguzo, akauliza maswali. Hii inazimwa vipi? Ukishamaliza unaanza kuzima wapi, kwenye swichi au kwenye mtungi? Mfuniko uwe wazi wakati wa kuwasha? Alimrudisha Daimu mara tatu. Daimu ana subira ya watu waliofunga.

Halafu Hironimus akachukua mwanzi mrefu wa kuchumia maembe, akafunga karatasi kwenye ncha, akaiwasha. Akanyoosha mkono wote. Jasho lilikuwa linamtiririka na ilikuwa baridi. Moto ukashika kwa sauti ndogo tu, pu, ukatulia. Aliufunga mtungi mara moja, akakaa chini. Baada ya dakika kumi akaanza upya.

Mchana tumekula ugali uliopikiwa juu ya nyavu za Kajetani. Sufuria ilikuwa inayumba, nusu ya uji ukamwagikia kwenye mabomba. Umeiva kabisa. Hakuna aliyekohoa.

Jumapili, 15 Machi

Leo, tukiwa tumekaa tu, amenieleza. Mwaka wake wa tatu stoo, mtungi wa mchomelea vyuma ulilipuka kwenye karakana jirani. Yeye ndiye aliyembeba yule fundi mpaka barabarani. Jina lake lilikuwa Romwaldi, na njia nzima alikuwa anauliza kama viatu vyake vimepona. Hironimus hakuniambia kwa sababu nilikuwa na mimba ya Devota, halafu miaka ikapita.

"Nilipokukuta pale zahanati," akasema, "nilitazama viatu vyako."

Jumatano, 25 Machi

Silali tena nimekaa. Tangu Jumapili nalala chali.

Jumamosi, 28 Machi

Jiko la Kajetani ni bovu sasa kwa macho. Uji umekaukia, maharage yamefurika, nyavu zimeinama kwa uzito wa sufuria. Hironimus amelisafisha, lakini kwa haraka, kama mtu anavyoosha sufuria ya kupikia tena jioni. Ile kadi ya masharti niliikuta imewashiwa moto. Nimemkumbusha Pasaka imebaki wiki moja. Akasema anajua kalenda.

Jumamosi, 4 Aprili

Kajetani amefika na wageni wawili, George na mkewe Jane, watu wa heshima. Aliingia varandani akiwa anawaelezea. Akakuta sufuria la makande linachemka.

"Kaka, hii nini?"

"Makande."

"Nilisema hivihivi! Tazama nyavu! Mfuniko umeungua!" Akanigeukia mimi, shemeji yake. "Mlamu, si mngeniambia tu?"

Hajauliza nyusi zangu ziko wapi. Hajauona mkono. Nilitaka kumjibu lakini Hironimus alitangulia, na hakupaza sauti.

"Kajetani, mimi nililifuta vumbi jiko lako miezi miwili na mke wangu anakufa hatua ishirini nyuma yangu. Nililikagua kila Jumamosi. Yeye sikumkagua hata mara moja. Ulitaka ulikute kama lilivyo. Mimi ningelitunza vile, ungekuta jiko zuri na kaburi."

Wageni wakatazama chini. Kajetani akatazama mkono wangu sasa, na kovu, na akavua kofia. Lakini ni mtu wa aibu za haraka, zinakuja na kuondoka.

Jumatatu, 6 Aprili

Jana nyama ilichomwa, wageni wakala, wakasifu. Leo wameondoka na jiko. Kajetani anasema atalipeleka kwa fundi mzuri wa Dar es Salaam, na kwamba siku akinunua lingine hili atatuletea. Nimemwitikia. Hironimus mwenyewe ndiye aliyelisukuma mpaka kwenye pikapu na kulifunga kamba. Nadhani alilifurahia hilo, lakini alipogeuka alitazama banda la jiko, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Jumanne, 7 Aprili

Nimewasha mkaa. Hakukuwa na njia nyingine. Nimekohoa mpaka nikatapika. Hironimus alikuja akaninyang'anya upepeo, akapepea yeye, na yeye akakohoa. Tumekula mihogo ya kuchemsha, tumekaa kila mtu na bakuli lake, wazee wawili wenye masizi. Sikuomba. Niliapa.

Jumatano, 8 Aprili

Saa mbili asubuhi alipanda bodaboda. Hakusema anakwenda wapi. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ya mwisho mwisho. Saa nne nikasikia pikipiki inapanda polepole, polepole mno, nikatoka. Alikuwa amekaa nyuma, macho ameyafumba, mtungi mdogo wa gesi ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, na jiko la plate mbili limefungwa nyuma yake. Dereva akaniambia mzee amemkataza kupita kwenye shimo hata moja kutoka dukani mpaka hapa.

Daimu alikuja kuunga. Nilimuuliza maneno kamili, "Mtungi umeufunga wewe kwa mkono wako, na sasa hivi gesi haitoki?" Akacheka, akasema ndiyo mama, na Ramadhani imekwisha. Akaondoka.

Jiko limewekwa ndani ya banda, juu ya meza, mlango na dirisha wazi. Mkaa tumeutoa. Hironimus alikuwa amesimama kwenye kizingiti, rangi imemwisha, midomo imekauka. Nilikuwa na kiberiti mkononi. Nilimwonea huruma kwa kweli, huruma ya kumpenda. Nikamwambia, "Baba Devota, toka tu, kakae varandani. Nikishawasha nitakuita."

Akaingia. Akafika mpaka mezani, bega lake likagusa langu.

"Nimekaa nje miaka thelathini na tatu," akasema. "Washa."

Nikawasha.